Mashogi Yaliyofika Kabla ya Nyimbo

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga. Nyale Thoya anawajibu kwamba hawakuwahi kuupakia kwenye pikipiki. "Wangu ndio usufi," asema. "Ukidondoka nauokota, naupangusa, naenda zangu. Wa mwenzio ni kanda la mawe. Hata ukifika salama, bado unaweza kukuangukia."

Ni saa mbili asubuhi mjini Malindi. Nyale amepiga goti moja nyuma ya pikipiki yake, akiupapasa mfuko wa nguo za mitumba kama mama anayepapasa tumbo la mtoto anayelalamika. Anatafuta kitu kigumu. Anakipata katikati ya mashati: kopo la bati.

"Hili nani kaliweka humu?"

"Langu la chenji," anajibu mwenye mzigo, mwanamke anayeelekea sokoni Gongoni.

"Lishike mkononi, dada. Humu litatoboa mfuko kwanza, kisha linitoboe mimi mgongo."

Wanacheka wote wawili. Ng'ambo ya barabara, kwenye steji ya bodaboda, waendeshaji wenzake wanatazama. Hakuna anayevuka kuja kumsaidia kuinua. Mmoja wao, kijana aitwaye Tevin, anapaza sauti: "Mama Mashogi! Leo unamrudisha nani kwao?"

Nyale hageuki. Anauvuta mpira wa kufungia mpaka unalia.

Hii ni wiki ya tatu tangu mama huyu wa miaka thelathini na sita, mkaazi wa Ganda, aanze kufanya kazi upande usio wake wa barabara. Steji yake imemfungia mpaka aombe radhi. Kila anayemuuliza humweleza kisa chake, na kila akikieleza kinazidi kumchanganya mwenyewe, kwa kuwa hajui radhi hiyo ni ya kosa gani.

"Mzigo ulifika. Haukulowa, haukupotea. Hata chupa ya marashi haikuvunjika. Sasa mimi nimekosa nini?"

Mashogi anayotaniwa nayo ni chombo cha punda: mifuko miwili ya ukili iliyounganishwa kwa kipande kinacholala mgongoni mwa mnyama, mmoja ukaning'inia kulia na mwingine kushoto. Nyale alikulia Ganda akijaza nazi ndani yake. Alikuwa mdogo alipojifunza kwamba ukizidisha upande mmoja, punda hutembea kombo hatua chache, kisha husimama na kukutazama.

"Punda hukataa," asema. "Pikipiki haikatai. Inakwenda na ujinga wako mpaka pale itakapokutupa."

Yeye ilimtupa karibu na daraja la Sabaki. Abiria alikuwa na sanduku gumu, la magurudumu, limefungwa juu ya keria kwa kamba moja. Pikipiki iliingia shimoni, sanduku likaruka, likateleza upande, likawavuta wote mtaroni. Abiria aliinuka na mchubuko. Goti la kushoto la Nyale halijakunjika sawasawa tangu siku hiyo.

Alipopona alikwenda kwa Mueni, fundi wa cherehani sokoni, akamwomba amshonee shogi la pikipiki. Mueni alimwuliza kama pikipiki yake imeanza kula majani. Hata hivyo alilishona: turubai nje, leso kuukuu ndani ili nguo za watu zisikwaruzwe, na mikanda mipana iliyotoka kwenye viti vya gari bovu.

Tangu hapo Nyale habebi kitu chenye pembe. Mwenye sanduku hulifungua, vitu vikahamia kwenye mashogi. Vizito huenda chini na mbele, karibu na kiti. Upande wa bomba la moshi huacha nafasi ya kiganja kizima, kwa sababu turubai likigusa bomba huyeyuka kama ubani. Ncha za mikanda huzifunga, zisije zikamezwa na gurudumu. Mwisho huushika mzigo na kuutikisa kwa nguvu zake zote.

"Ikitikisika pikipiki nzima, sawa. Ukitikisika mzigo peke yake, fungua, anza upya."

Tena hasafiri moja kwa moja. Akishatoka mjini husimama na kukaza tena, kwa sababu kitu laini hujishusha kikishaonja barabara. Mumewe, Thoya, mkulima wa mihogo, humcheka. "Hata gunia la makaa huyu hulifunga kama linataka kutoroka," asema. Lakini wateja waliongezeka. Siku njema steji ilimpa zaidi ya shilingi elfu moja. Sasa, ng'ambo ya pili, hupata nusu yake.

Yote yalianza na begi la harusi.

Bibi harusi alikuwa binti mdogo wa Bi Radhia wa Ngomeni. Bwana harusi ni wa Malindi, na kama ilivyo ada, watu wake walikuwa wapeleke begi: nguo za bibi harusi, viatu, udi, manukato, leso, kila kilichonunuliwa kwa ajili yake. Begi la harusi haliendi kimya. Huenda na wanawake, nyimbo na vigelegele, hata nyumba inayolingojea hujua linakuja kabla halijaonekana.

Siku hiyo abaya mbili zilichelewa kwa fundi. Wanawake walikuwa wamekwisha kujaa ndani ya gari, na dereva wao alikuwa Sufyan, mume wa Safaa, binti mkubwa wa Bi Radhia. Udereva ndio kazi yake, basi pande zote mbili ziliona ndiye wa kuaminiwa. Bi Aaliya, shangazi ya bwana harusi, alimwita Nyale nyumbani, akamwonyesha sanduku jekundu linalong'aa kama tufaha.

"Nguo zikitoka kwa fundi, mwanangu, tia humu, utufuate. Utatukuta njia panda ya Ngomeni, tuingie pamoja."

Nyale aliliinua sanduku, akaligonga, akalirudisha chini. "Hili silibebi, mama."

"Lina nini? Jipya kabisa!"

"Lina pembe."

Mabishano yalikuwa mafupi kwa sababu gari lilikuwa likipiga honi. Bi Aaliya mwenyewe alisaidia kuhamisha vitu ndani ya mashogi, akinung'unika kwamba bwana harusi atalileta sanduku tupu kesho yake. Kisha akapanda gari na wimbo ukaanza.

Lakini gari halikufika njia panda. Walikata kuingia Mambrui kumchukua bibi mmoja mzee wa ukoo, magurudumu yakazama mchangani. Nyale, aliyekwisha kupokea abaya, aliwapita bila kujua. Alipofika njia panda hakuona mtu. Akapiga simu. Ndani ya gari lililojaa wanawake wanaoimba, nani husikia simu?

Alingoja. Wingu jeusi likapanda kutoka upande wa bahari.

"Turubai huzuia maji ya juu," asema. "Ya chini yanarushwa na gurudumu, na barabara ile ikilowa ni tope la chumvi. Nikajiuliza, ningoje watu au niokoe nguo? Mimi nimekodiwa na nguo."

Akaenda. Kando ya mashamba ya chumvi mchanga ulikuwa mwingi, kwa hiyo alikwenda polepole, mikono yote miwili imebana usukani. Hakupiga honi hata mara moja. Hapo ndipo lilipo fundo la kisa hiki, ingawa yeye hakulijua.

Kwenye pwani hii kila mtu anaijua sura ya mwanamke aliyeachwa. Usiitafute usoni pake, itazame kwenye vitu vyake. Harusi ina sanduku na nyimbo. Talaka ina mifuko laini, imefungwafungwa nyuma ya pikipiki, na mwendeshaji anayeingia pole bila honi, kwa sababu hakuna anayependa kutangaza mzigo kama huo. Na mume asiyetaka makelele husubiri mkewe aende kwao, kwenye harusi au matanga, halafu humtumia vitu vyake nyuma yake.

Safaa alikuwa kwa mamake tangu mwanzo wa wiki, akisaidia matayarisho.

Bi Radhia alikuwa barazani akichagua mchele. Nyale alisimamisha pikipiki, helmeti bado kichwani.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikiwa. Ungo ulianguka, mchele ukamwagika hadi mlangoni.

"Nilijua!" Bi Radhia alilia kwa sauti ya kufufua mtaa. "Wallahi nilijua siku hii itafika! Kamrudisha mwanangu siku ya furaha ya mdogo wake! Mara ngapi kaja hapa na jicho limevimba, akaniambia ni mlango? Mlango gani una ngumi? Heri amerudi! Heri amerudi angali hai!"

Majirani walitoka. Waliokuwa jikoni walitoka. Nyale alidhani kuna mtu amekufa.

"Nikasema, ee Mulungu, nimeleta marashi msibani. Nikataka kugeuza, lakini nikigeuza naenda na begi la nani?"

Kisha Safaa alitoka, mikono juu, hina mbichi kwenye viganja. Aliyatazama mashogi. Alimtazama mamake. Angeweza kusema, mama, huenda ni jambo jingine, tuulize. Hakusema. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, taratibu, kama mtu aliyeshushwa kitu mabegani.

"Hakulia," asema Nyale. "Mimi ningelia. Uso wake ulikuwa... Sijui. Mpaka leo nauona, na mpaka leo sijui niuite nini."

Mvua ilikuwa imeanza kudondoka nyimbo zilipofika. Gari liliingia kwa vigelegele. Sufyan alishuka wa kwanza, suruali imejaa mchanga mpaka magotini, akitabasamu.

"Na uso wa kuja unao!" Bi Radhia alimpokea.

"Mama, kumradhi, tumechelewa. Gari lilizama..."

"Ungezama wewe!"

Wimbo ulikatika. Ni Bi Aaliya aliyeona mashogi na kuelewa. Alikwenda mbio, akafungua mikanda, akatoa abaya, viatu, chetezo cha fedha, akiviinua kimoja kimoja mbele ya watu kama muuzaji mnadani. "Begi hili! Begi la bibi harusi hili, jamani!" Mtu mmoja nyuma alipiga kigelegele, akajikuta yuko peke yake, akakikata katikati.

Begi lilipokewa. Ndoa ilifungwa kesho yake bila hitilafu. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kusemwa mbele ya watu wa nyumba tatu na majirani wote, na Safaa hajarudi Malindi hata leo. Sufyan aliondoka siku ile bila kula.

Aliyebaki wa kulaumiwa alikuwa mwenye pikipiki.

Steji imekaa vikao viwili juu yake, kwa malalamiko ya Sufyan. Kwenye cha kwanza, kosa lilikuwa kuliacha sanduku. Nyale alisema Bi Aaliya mwenyewe alisaidia kulimwaga. Bi Aaliya, aliyekuwapo, alikubali kwamba alisaidia, ila hakujua, akasema, kwamba mifuko ingeonekana vile ikishafungwa. Kwenye cha pili, kosa lilikuwa kutongoja njia panda. Nyale aliuliza kama walitaka abaya za tope. Hakuna aliyetaka abaya za tope. Hata hivyo kikao kilikubaliana kwamba kosa lipo, ila halijaonekana vizuri.

"Nilitoka pale nikamwuliza mume wangu, labda wewe unaliona," asema Nyale. "Thoya akaniambia, omba msamaha wa jumla. Nikamwuliza, wa jumla ndio upi?"

Leo ni kikao cha tatu. Saa nne hivi, mteja wa Gongoni akiwa amekwisha kufikishwa sokoni, Nyale anavuka barabara.

Viti vya plastiki vimepangwa kivulini mwa kibanda cha steji. Yupo Uthman, mwenyekiti, mtu mzima mpole ambaye hupenda kila jambo liishe kabla ya adhuhuri. Yupo Sufyan, anayechezea funguo za gari. Na pembeni, jambo ambalo Nyale hakulitarajia, ameketi Bi Radhia, aliyesafiri asubuhi kutoka Ngomeni.

"Shikamoo, mama."

Safari hii anaitikiwa. "Marahaba, mwanangu."

Uthman anafungua kikao kwa dua fupi, kisha anasema habari njema: kosa limepatikana. Sufyan yuko tayari kusahau yote Nyale akisema, mbele ya steji na mbele ya wazee wa Ngomeni, kwamba siku ile alimwambia Bi Radhia kuwa mifuko imetumwa na Sufyan.

Nyale anamtazama mwenyekiti, kisha anamtazama Sufyan. "Lakini sikusema."

"Sema ulisema," asema Sufyan.

"Mimi nilisema shikamoo. Neno langu lilikuwa hilo peke yake, na hata hilo halikuitikiwa."

"Wewe dada, mbona mgumu hivyo? Ukisema ulikosea, basi mama alidanganyika. Akiwa alidanganyika, aliyoyasema ni ya hasira tu, hayana asili. Mke wangu atarudi nyumbani, watu watanyamaza."

Nyale anakuna shingo. Tevin, aliyeegemea pikipiki yake, anajaribu kumrahisishia: "Mama Mashogi, ni maneno tu hayo! Hayana hata uzito wa kufungia mpira."

Wachache wanacheka. Uthman anawanyamazisha kwa mkono.

Halafu Bi Radhia anasogeza kiti mpaka karibu na Nyale. Sauti yake si ile ya barazani. "Nisitiri, mwanangu. Mimi ni mtu mzima. Wananiita mama aliyevunja nyumba ya bintiye kwa mdomo. Sema ni wewe. Mungu atakulipa."

Hili linamchanganya Nyale kuliko yote. Alijifunga kibwebwe kumkabili mtu mkali, na mtu mkali amemshika mkono. Anautazama ule mkono.

"Mama, yale ya jicho na mlango," anauliza polepole. "Uliyaona, au hukuyaona?"

Bi Radhia anaangalia chini.

"Na Safaa mwenyewe anasemaje?"

"Safaa hasemi kitu," anajibu mama mtu, kama anayejishangaa. "Analala. Anakula. Juzi alicheka. Sijui alikuwa anacheka nini, alikuwa peke yake uani."

Funguo za Sufyan zimeacha kulia.

"Basi mimi nikisema ni mimi," asema Nyale, "atarudishwa?"

Mwendeshaji mmoja anakumbuka ghafla kwamba ana abiria wa kumchukua, anaondoka. Uthman anatazama saa yake.

Nyale hajidai kujua yaliyomo ndani ya nyumba ya watu. Anasema hivyo waziwazi, na anakiri kwamba huenda Sufyan ni mtu mwema, huenda mlango ni mlango. Hajui. Kuna mengi ya siku ile ambayo hayajui, na amechoka kuulizwa kama kwamba ndiye aliyeyatunga. Anachokijua ni alichokibeba, na maneno yale hayakuwamo.

Sufyan anasimama. Anasema hana muda wa mchezo, na kwamba steji ikimrudisha mwanamke huyu, gari lake na magari ya marafiki zake hayataleta tena abiria hapa kuunganisha safari. Uthman anashusha pumzi. Abiria wa magari hayo ndio riziki ya nusu ya waendeshaji waliokaa hapo, na kila mmoja wao sasa anamtazama Nyale.

"Nyale, dada yangu," asema mwenyekiti. "Una mtoto sekondari. Una goti bovu. Utakwenda wapi?"

Anapo pa kwenda, japo pembamba. Yeye na Mueni wamezungumza juu ya kibanda cha mabati njiani Ganda, Mueni ashone, Nyale afunge na kupeleka mizigo tu, bila abiria. Mueni amekwisha kukata turubai la mashogi manne. Jina la kibanda bado hawajakubaliana, na mahali pa cherehani panavuja. Nyale anatumaini kuwa watu watamfuata huko, wenye mitumba, wenye samaki wakavu, hata wenye mabegi ya harusi wakithubutu. Pia anaogopa kwamba hawatamfuata. Yote mawili anayasema kwa sauti ileile.

"Neno moja tu," Uthman anamsihi. "Uvuke barabara, urudi kwenye nafasi yako, tule sote. Kwa mara ya mwisho nakuuliza mbele ya watu hawa. Utaomba radhi?"

Nyale anauondoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa Bi Radhia, kwa heshima, kama anayeurudisha mahali pake. Anachukua helmeti.

"Siombi."

"Hata kwa ajili ya huyu mama?"

"Nimempa pole, na nitampa tena. Radhi siombi, Bwana Uthman. Si leo, si kesho."